Tupeane uzoefu: Lisbon kwa macho ya waliofika

Mama Rukia (Dar)

Wakuu, habari za leo. Nimerudi kutoka Lisbon nilikokwenda kikazi, nikajiongezea na siku zangu za kutembea. Kila ninayemwambia ananiuliza mawili tu: Ronaldo na bei za vitu. Nimeona tufungue uzi kwa waliowahi kufika huko, kila mtu aseme aliyoyaona yeye mwenyewe, si ya kwenye video. Mnaoishi huko nanyi karibuni, msituachie tudanganyane.

Naanza mimi. Mji ule ni kupanda na kushuka. Wenyewe wanasema vilima saba, lakini magoti yangu yanabisha. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kwa nakshi za mawimbi na maua, na kwa kukanyagwa miaka mingi vimekuwa laini. Yakidondoka manyunyu tu vinateleza kama vimepakwa sabuni. Kina mama, viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Bebeni raba zenye soli inayoshika.

La pili ni mezani. Ukikaa mgahawani, kabla hujaagiza chochote, mhudumu anakuwekea mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini. Sisi tumezoea kwamba kinacholetwa bila kuombwa ni ukarimu. Kule kinaitwa couvert na ukikigusa unakilipia. Hawakuibii, ndio desturi yao, na sheria yao inasema usichokiagiza wala kukigusa hakiingii kwenye bili. Sema mapema hutaki, kitaondolewa bila nongwa.

Kilichonishika hasa ni mtaa wa Baixa, kule bondeni. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, lilipiga tetemeko kubwa. Waliokimbilia ukingo wa mto Tagus wakakutana na mawimbi ya bahari, na mjini moto ukawaka siku kadhaa. Waziri wa mfalme, aliyekuja kupewa cheo cha Marquês de Pombal, akaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta za nyumba ikawekwa fremu ya mbao yenye mihimili ya mshazari, ili ardhi ikitikisika nyumba icheze bila kuporomoka. Mwongozaji alituambia inasimuliwa kwamba fremu ile ilijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige gwaride kando yake ili ardhi itetemeke. Mimi niko kwenye fani ya ujenzi, kwa hiyo hapo niliwachelewesha wenzangu wote. Ukitaka kuona tetemeko lilifanya nini, panda Carmo. Kanisa lile limeachwa bila paa mpaka leo, matao yamesimama na juu ni mbingu.

Haya, nani anafuata?

Kipara wa Mikocheni

Mama Rukia umewapamba sana. Mimi nilikwenda na kundi la harusi na sikuuelewa mji ule. Mitaa ya Alfama inayosifiwa kuwa ya wenyeji, nilichosikia mle ni magurudumu ya masanduku ya wageni yakiburuzwa kwenye mawe. Wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba kodi za nyumba zimewashinda, wanahamia ng'ambo ya mto na pembezoni. Kwenye madirisha ya ghorofani nguo zimeanikwa kweli, lakini mlango wa chini una kisanduku cha namba za siri cha wapangaji wa siku mbili. Juu ya hapo jiji linakutoza euro 4 kwa kila usiku unaolala.

Na foleni! Kule Belém watu wanajipanga jua kali kununua kikeki cha maziwa na mayai. Eti duka lipo tangu 1837. Ni kitamu, sikatai, lakini vya mtaani vyenye jina la pastel de nata vinanitosha.

Fundi Cherehani

Viza sh. ngapi jamani? Na wanataka nini?

Mama Rukia (Dar)

Ni Schengen ya kawaida, viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, bado gharama za wakala anayepokea maombi. Taarifa ya benki, barua ya kazi, tiketi, mahali pa kulala, na bima ya safari inayogharamia matibabu kuanzia euro 30,000. Omba mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Kipara, nawe ulikwenda mwezi wa nane halafu unalalamikia watu wengi.

Baharia wa Kilwa

Salaam wakuu. Mimi kwetu Kilwa Masoko, kazi yangu melini, jikoni. Meli ilifunga Lisbon, nahodha akatupa ruhusa ya mchana. Wenzangu wakaenda kutazama uwanja wa Benfica. Mimi kuna mwalimu wangu wa zamani alinipa wosia miaka mingi nyuma: ukifika Lisbon usirudi kabla hujaiona dhahabu ya kwenu.

Nenda mtaa unaoitwa Rua das Janelas Verdes, kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Uliza Custódia de Belém. Wamekiweka kwenye kioo peke yake, taa zimekimulika. Ni chombo cha kanisani, cha dhahabu na rangi za kuchomea, kirefu sentimita 73 tu. Nilitarajia kitu kikubwa. Halafu unasogea, unaanza kuona: watu kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, juu yao njiwa, juu zaidi mzee mwenye ndevu, na kwenye kitako ndege na maua madogo madogo ya rangi. Kazi ya mkono ile, mtu alikaa akapoteza macho.

Sasa zunguka kitako. Kuna herufi zimepita kandokando, Kireno cha zamani. Jina la Kilwa limeandikwa pale: Quiloa. Maneno yanasema mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu na ushuru wa Quiloa, kikamalizika 1506. Hawakuficha. Wameandika wenyewe, juu ya dhahabu yenyewe.

Habari yake ni kwamba Vasco da Gama alipokuja mara ya pili, 1502, alitia nanga mbele ya Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wetu, Amiri Ibrahim, akubali kumlipa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikafika Lisbon mwaka uliofuata. Wakati fundi anaendelea kuifua, Julai 1505, Francisco de Almeida akaja na merikebu nyingine, akauteka mji na kuupora, wakajenga ngome. Ile Gereza mnayoipiga picha Kilwa Kisiwani ilianzia hapo, ingawa iliyosimama leo Waomani waliijenga upya.

Nilikaa mle mpaka mlinzi akaanza kunizungukia. Nikamwonyesha pasi yangu ya kusafiria, nikaweka kidole palipoandikwa mahali pa kuzaliwa, kisha nikamwonyesha kwa ishara yale maandishi kwenye kitako. Yule mama alicheka, akaenda kumwita mwenzake. Hatukuelewana lugha lakini wakanipigia picha, bila mwanga maana hawaruhusu.

Teresia M.

Baharia, hicho chombo sisi Wakatoliki tunakiita monstransi, ndimo inamowekwa Ekaristi wakati wa kuabudu. Hao kumi na wawili ni mitume. Nimesali miaka yote mbele ya monstransi ya shaba parokiani kwetu na sikuwahi kusikia kwamba ile maarufu ya Ureno ina dhahabu ya pwani yetu. Nimesoma posti yako mara mbili.

Kipara wa Mikocheni

Nyongeza kidogo kwa Baharia, bila ugomvi. Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu ilikuwa inatoka bara, upande wa Zimbabwe, inashukia bandari ya Sofala, na Kilwa ikawa inatajirika kwa kuishika biashara ile. Kwa hiyo siku wakisema irudishwe, kutakuwa na foleni ya wadai kuliko ile ya vikeki.

Baharia wa Kilwa

Hilo nalijua Kipara. Lakini jina lililoandikwa ni la kwetu, na mizinga ilielekezwa kwetu. Wa Sofala waje tugawane.

Mzee wa Bondeni (Mombasa)

Assalaam aleikum nyote. Nimesoma kwa furaha. Mimi nilipelekwa na binti yangu anayesoma Hispania. Aliniuliza nataka kuona nini, nikamwambia nipeleke kwa yule mtu. Akajua.

Vasco da Gama amezikwa Belém, ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos. Nilipokwenda, kanisani hapakuwa na kiingilio, ni ua wa ndani ndio unaolipiwa. Ukiingia tu mlangoni, kabla hujafika kati, kaburi lake liko kando, sanamu yake imelazwa chali mikono imeungana kama anaomba dua, na ubavuni wamechonga merikebu. Upande wa pili wamemweka Camões, mshairi aliyemsifu. Watu wanapiga picha, wanapita. Yeye alifia Cochin, Bara Hindi, mkesha wa Krismasi 1524, na mifupa yake haikuletwa pale ila 1880.

Mnataka kujua nilihisi nini? Sikuhisi hasira. Mimi nimezaliwa chini ya Ngome yao, Fort Jesus. Waliianza 1593, na 1698 Waomani waliwatoa baada ya kuwazingira zaidi ya miaka miwili. Mambo yale yalikwisha. Kilichoniudhi ni jengo lenyewe, kwa uzuri wake. Nguzo nyembamba zinapanda juu zinafunguka kwenye dari, mawe yamechongwa kamba za merikebu, mafundo, matumbawe. Na ilijengwa kwa ushuru wa asilimia tano wa biashara ya viungo na mali nyingine za safari hizo. Binti yangu akaniuliza, baba, mbona umenyamaza? Nikamwambia nahesabu pilipili.

Watu wa Malindi, mko humu? Aprili 1498 alikuja Mombasa kwanza, tukamshuku, mambo yakaharibika. Akaja kwenu mkampa kondoo, viungo na rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Hamjaomba radhi mpaka leo.

Mgiriama_Msafiri

Mzee shikamoo. Mombasa mlikuwa mnatuonea baharini na nchi kavu, akatokea mgeni mwenye mizinga, mlitaka tufanye nini? Mnara wake tumeuacha umesimama, unatuletea watalii. Nyinyi mkalipisheni kiingilio Ngome, tugawane.

Mzee wa Bondeni (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Hilo umejibu.

Bukavu-Brussels

Jambo wote. Mimi asili Bukavu, naishi Ubelgiji. Lisbon kwetu ni ndege ya saa tatu kasoro, na ukikata tiketi mapema bei ni ndogo, kwa hiyo nimeshaenda na familia.

Jambo la kwanza, Mwafrika mjini kule haonekani kama ajabu. Walinisemesha Kireno moja kwa moja, wakidhani mimi ni mtu wa Angola. Uwanja wa São Domingos, karibu na Rossio, utawakuta Waafrika wamesimama vikundi vikundi tangu asubuhi, wengi ni wa Guinea-Bissau. Kina mama wanauza kola na viungo vya kwao, wazee wanabishana siasa. Hapo hapo kuna jiwe lenye nyota ya Daudi, ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na umati wa watu mjini mwaka 1506. Mwaka ule ule wa dhahabu ya Baharia, kumbe. Kanisa la pembeni liliungua 1959, wakalitia paa lakini nguzo wakaziacha vile zilivyopasuka kwa moto. Mke wangu hakutaka kutoka mle.

Halafu kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros. Uliitwa hivyo kwa sababu ya shimo ambalo mfalme Manuel aliamuru lichimbwe, 1515, la kutupia maiti za watumwa, maana walikuwa wanatupwa ovyo jalalani. Leo kuna maduka ya kahawa ya vijana, mazuri tu. Mimi nimeishi karibu na makumbusho ya Afrika ya Tervuren miaka mingi, nimezoea Ulaya kuweka mambo yetu kwenye kabati la kioo. Lakini kukanyaga jina la namna ile unakwenda kununua mkate, hiyo ilikuwa mpya.

Tramu namba 28: usipandie Martim Moniz saa nne asubuhi, utasimama foleni hadi miguu iume, na mle ndani wachomoa pochi wanafanya kazi yao bila haraka. Sisi tulianzia mwisho wa pili, Campo de Ourique, mapema, watoto wakakaa dirishani. Vile vigari vya njano vya mbao vinapita ukutani karibu sana, unaweza kugusa mlango wa mtu.

Fado, uimbaji wao wa huzuni, msiikose. Mwimbaji akianza, taa zinapunguzwa, na mtu akiongea anakemewa na meza ya jirani. Kwa sisi tuliozoea kuitikia mwanamuziki na kumtunza, kunyamaza vile ni mtihani.

Bint Muscat

Assalaam aleikum. Mimi Mswahili wa Muscat, babu zangu Unguja. Huku kwetu bandarini tuna ngome mbili, Jalali na Mirani, Wareno walizijenga kabla hawajafukuzwa 1650. Kwa hiyo nilipofika Lisbon nilitaka kuona walikotoka.

Kilichonishangaza ni vigae. Nyumba nzima kuanzia chini mpaka paani imevaa vigae, buluu na nyeupe, kijani, njano. Wana makumbusho yake kwenye nyumba ya zamani ya masista, na humo kuna picha ya vigae yenye urefu wa mita 23 inayouonyesha mji wote ulivyokuwa kabla ya tetemeko: jumba la mfalme, makanisa, majahazi mtoni. Mama Rukia, wewe wa ujenzi ungelala pale.

Kuhusu chakula: muwe macho, nguruwe wamo hata kwenye supu ya sukumawiki, wanatia kipande cha soseji. Samaki ndio salama. Dagaa zao kubwa za kuchoma mkaani mwezi wa Juni, siku za sherehe ya Mtakatifu Antonio, mtaa mzima moshi. Na bacalhau, samaki wa chumvi aliyekaushwa, ni ng'onda ya Kizungu. Wakiiloweka vizuri ikapikwa na viazi na kitunguu utasahau. Nyama ya halali nendeni Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wamejaa.

Ijumaa niliswali Msikiti Mkuu, karibu na Praça de Espanha. Umefunguliwa 1985, na walioujenga wengi wana asili ya Msumbiji na Guinea. Upande wa wanawake nikakaa na bibi mmoja wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kanisikia namwita mwanangu, akageuka. Yeye Kimwani, mimi Kiswahili, Kireno sijui hata kimoja. Tulizungumza mpaka watu wakaondoka. Akaniuliza kama Unguja karafuu bado zinaanikwa barazani.

Nachi Yetu

Nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi wa Nachingwea, baba yangu alikuwa anapeleka mahindi kwenye kambi ya FRELIMO. Kwetu Mreno hakuwa wa 1498, alikuwa wa juzi, ng'ambo ya Ruvuma.

Ndiyo maana mimi Carmo sikwenda kuangalia paa. Mbele ya lile kanisa kuna uwanja mdogo na makao ya kikosi cha ulinzi. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu wao, Marcello Caetano, alijifungia mle. Nje kapteni mmoja kijana, Salgueiro Maia, na askari wake, na wananchi wamejaa hadi juu ya miti. Akasalimu amri. Watu wakachomeka maua ya karnesheni kwenye mitutu. Askari wale walichoka kupelekwa kufa Guinea, Angola na Msumbiji, vita tangu 1961. Kwa hiyo wakisema walijikomboa wenyewe ni kweli, lakini waliowachosha walilala Nachingwea. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni mwaka uliofuata.

Kando ya kanisa kuu kuna Aljube, gereza la zamani la wapinzani wa dikteta wao Salazar, sasa makumbusho. Vyumba vya kufungia mtu peke yake ni vyembamba, unaingia ubavu. Kuna sehemu wameieleza vita ya Afrika bila kuzunguka. Nilimkuta mzee wa Kireno pale, aliwahi kupelekwa vitani Mueda, Msumbiji, akiwa kijana. Nilipomwambia kwetu ni wapi, akanyoosha mkono, akauliza mvua zetu zinaanza lini. Tukaongea mvua.

Ule mnara mkubwa wa mabaharia kando ya mto, wa 1960, chini yake kuna dira ya marumaru yenye ramani ya dunia. Zawadi ya serikali ya Afrika Kusini, 1960. Mwaka wa mauaji ya Sharpeville. Nimeshindwa kuikanyaga, nikapita pembeni, mke wangu akanicheka.

Mama Rukia (Dar)

Nachi, baba yako yupo? Mwambie aje aandike mwenyewe.

Na kwa atakayeuliza: lile gari la kuvutwa kwa kamba la Glória, lililopata ajali Septemba 2025 wakafa watu 16, wengi wao wageni, mlima wake unapandika kwa miguu. Wenye magoti kama yangu pandeni polepole.

Transiti_2026

Wakuu, mimi nitakuwa na saa nane za kusubiri ndege pale. Niende wapi?

Baharia wa Kilwa

Metro inaanzia uwanjani, mjini si mbali. Nenda Janelas Verdes, usiniulize tena.

Transiti_2026

Asante mkuu. Nitafika Jumatatu.

Baharia wa Kilwa

Jumatatu pamefungwa.

Mzee wa Bondeni (Mombasa)

Na Jerónimos vilevile.

Bukavu-Brussels

Shuka Cais do Sodré, panda feri ya Cacilhas, ni dakika kumi hivi. Kula samaki ng'ambo, mji wote uko mbele yako. Feri inakwenda kila siku.

Fundi Cherehani

Viza anayo lakini? Bila Schengen hatoki nje ya uwanja.